Ombi la Kuzibiwa Tena Sinki la Jikoni

Ndugu Fundi Bomba,

Shikamoo. Natumaini hujambo, na waya wako mrefu ni mzima.

Kabla ya malalamiko nakiri jambo ambalo sijamwambia mtu mwingine. Tangu ulipozibua sinki letu, nimekuwa nikijaribu kuliziba. Nimelilisha majani ya chai, ukoko wa wali na mafuta yaliyoganda. Juzi nililisukumia soksi ya Baba. Vyote limemeza. Baba bado anaitafuta soksi yake, na mimi namsaidia kuitafuta.

Ningekueleza siku ile ile, kwani ndimi niliyekushikia tochi. Lakini mimi ni mtu wa haya. Kuandika naweza, kusema ndiko kunakonishinda. Basi pokea malalamiko yangu kwa maandishi, kwa mpangilio tuliofundishwa shuleni kabla sijamaliza.

1. Ulizibua bila kuuliza sinki bovu lilikuwa linatusaidia nini. Mama na Bibi, yaani mama yake Baba, walikuwa hawasemeshani tangu Bibi alipomwambia mgeni kwamba chai ya Mama ni maji ya kusuuzia vikombe. Walizungumza kupitia kwangu. Mwambie bibi yako chakula tayari. Mwambie mama yako nimeshiba. Na wote watatu tumo jikoni, viwiko vinagusana. Shuleni sikuwahi kunyoosha mkono. Nyumbani nikawa mkalimani.

2. Sinki lilipoziba, mambo yakaanza kunyooka. Baba alifungua lile bomba lililojikunja chini yake, hakuona uchafu, akashindwa kulirudisha, akaweka ndoo na kusema ni kwa muda tu. Ikawa Mama anaosha vyombo na Bibi anakaa kigodani akiangalia ndoo isifurike. Ilipokaribia kujaa, Bibi aliniambia nimwambie Mama afunge maji. Nilimwambia, ila kwa sauti yangu hii. Mpaka Mama asikie, sakafu imelowa na kandambili za Bibi zinaelea. Ikawa hivyo kila tukimaliza kula, mpaka jioni moja Bibi akachoka kusubiri mkalimani, akaita mwenyewe: "Funga, mwanangu!"

Mama akafunga. Nadhani alisikia zaidi lile neno la pili.

3. Walianza na funga na fungua, wakapanda hadi ongeza kidogo, halafu wakafika kwa majirani. Watu wawili wakishaanza kuwasema majirani, ugomvi wao hauna tena nafasi ya kukaa. Nimewahi kuwakuta wakiosha sahani zilizotoka kabatini, safi kabisa.

4. Ndipo ukaja wewe. Ulisukuma waya, ukafunga bomba jipya, maji yakashuka yakiguna, ukanigeukia ukasema, "Haya binti, shida yenu imekwisha." Samahani, Fundi, ndipo ilipoanza upya. Ndoo imerudi bafuni. Bibi hana cha kuangalia, Mama hana wa kumngojea, na kila mmoja anasubiri mwenzake aanze. Jana nimetumwa tena: nimwambie Mama asogeze chumvi. Ilikuwa mbele yake. Bibi ameanza kupanga nguo kwenye begi. Anasema Jumamosi anahamia kwa baba mdogo, maana hapa hakuna tena mwenye haja naye.

5. Kazi yako ni nzuri kupita kiasi. Fundi mwingine angetuachia walau kuvuja kidogo.

Kwa hiyo naomba urudi kabla ya Jumamosi uzibe ulipozibua. Kama kuziba hukusomea, fanya yale yale kuanzia mwisho kwenda mwanzo. Ukishindwa kabisa, tuletee fundi mbaya. Naamini unawafahamu.

Wasalimie wote nyumbani, na mafundi wenzako, wazuri na wabaya.

Wako kwa heshima,
Mshika tochi

Nyongeza: Fundi, usije. Nimekwenda jikoni kunywa maji kabla ya kufunga bahasha, nikamkuta Bibi ameinamia sinki, anasukumia kitambaa cha vyombo tunduni kwa mwiko. Mama akaingia nyuma yangu. Nikajua leo nyumba itawaka. Mama akamtazama, akauchukua ule mwiko mkononi mwake, akasema, "Hapo hakitakaa, mama. Tukikunje kwanza."

Sasa maji yamesimama vizuri sana. Begi la Bibi liko juu ya kabati, tupu. Baba ameitwa afungue bomba, na safari hii ameombwa asihangaike kulirudisha. Akikupigia simu, umesafiri. Akiikuta soksi yake humo ndani akakuuliza, hujui lolote, na barua hii haikukufikia. Tafadhali, Fundi, ibaki baina yetu wawili.