Sukuma Wiki Kwenye Veranda Yangu

Jumatatu, 3 Mei 1971
Nimeanza! Shemeji Ogeto, kaka mkubwa wa mke wangu, anakuja kututembelea mwezi ujao. Safari iliyopita alisimama hapa kwenye veranda, akatazama huku na huku, akauliza mwanaume gani hana hata mahali pa kupanda kitunguu. Mimi! Karani wa mizani, ninayepima chai inayochumwa na kambi nzima! Nikamwambia akirudi atakula sukuma ya mkono wangu. Sasa lazima iote.

Nimejaza udongo kwenye makopo ya mafuta ya kupikia. Nimepanda miche ya sukuma, dania na managu. Bonareri, mke wangu, akauliza yeye atachagulia maharagwe wapi. Nikamwambia maendeleo yanataka nafasi. Joab, jirani wa ukuta mmoja, fundi wa mashine kiwandani, akachungulia na kusema makopo yatobolewe chini. Nani amemuuliza? Nitoboe, udongo wangu umwagike bure?

Jumapili, 9 Mei
Mvua ya Kericho haina adabu. Kila alasiri! Makopo yamejaa pomoni, dania inaelea kama bata. Nimemwaga maji, miche ikatoka nayo. Nimeirudisha. Inanuka kinamasi. Kwa Joab, mvua ni ileile, mabati ni yaleyale, na sukuma zimesimama kama askari kwenye gwaride. Haki iko wapi? Bonareri sasa anachagua maharagwe kwenye veranda ya Dorcus, mke wa Joab. Wanacheka. Nilipotokea wakanyamaza. Dharau!

Alhamisi, 20 Mei
Nimegundua siri. Chai inastawi kwa nini? Mbolea! Nimemwomba Bethwel, nyapara wa shamba, akanitilia kiasi kwenye kofia. Akaonya niweke chembe chache tu kwa kila mche. Chembe! Watu wengine wana roho ndogo. Nimemwaga kofia nzima.

Jumamosi, 22 Mei
Zimeungua! Zote! Majani yamekunjamana kama tumbaku. Bethwel anasema si alinionya. Mtu mzima akionya huonya kwa sauti, hanong'oni. Namshuku Joab pia. Jana alizitazama sukuma zangu kwa muda mrefu, kisha akaguna. Mguno kama ule unaweza kuua hata mti wa mkaratusi.

Ijumaa, 11 Juni
Kesho Ogeto anafika. Veranda imekuwa makaburi. Lakini nimepata wazo! Nimekwenda hadi Chepseon, nikamsihi Tecla, mama mwenye shamba kando ya soko, anikatie sukuma na mashina yake, manene, yenye majani tele. Mizizi ya nini? Nimeyachomeka kwenye makopo, nikanyunyiza maji. Uzuri ulioje! Bonareri akatoka, akatazama, akasema, "Gekara, huu ni uongo wa kijani." Nikamwambia ni maonyesho.

Jumamosi, 12 Juni
Siku ya aibu, na aibu si yangu! Jua lilikuwa limejificha tangu mvua ianze. Leo ndipo likaamua kuwaka.

Asubuhi mambo yalikuwa mazuri. Ogeto alisimama mbele ya makopo, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Shemeji," akasema, "nilikukosea." Nusura nilie. Kufikia saa ya chakula, sukuma zote zilikuwa zimeinama kama waumini kwenye sala. Ogeto akaenda kuchuma jani. Shina zima likaja mkononi, chini limekatwa kwa kisu, jeupe. Akalitazama. Akanitazama. Akalirudisha taratibu, kana kwamba anazika mtu.

Hapo Dorcus akapitisha juu ya ukuta mfupi wa veranda sufuria ya managu yaliyopikwa kwa maziwa. Nani alimwambia hatuna mboga? Ogeto akala, akaongezwa, akauliza yameoteshwa wapi. Basi! Mchana kutwa yeye na Joab habari ni udongo tu. Mwishowe akamwalika aende Kisii akaone shamba lake. Mimi, mume wa dada yake, sikualikwa. Managu yenyewe, lazima niseme, yalikuwa matamu. Niliyala kwa hasira.

Jumatano, 16 Juni
Joab ameniletea miche ya nyanya, eti tuanze upya pamoja. Bonareri akanisihi, safari hii nimsikilize mtu. Nikamsikiliza Joab mpaka mwisho, sikumkatiza hata mara moja. Kisha nikafikiri mwenyewe. Nyanya zinapenda joto. Joto liko wapi kambini? Juu ya mabati!

Nimeazima ngazi, tena ya Joab, na makopo yote yako juu ya paa. Joab akapaza sauti kutoka chini kwamba paa lina mteremko na upepo wa alasiri si mchezo. Nikamjibu nyanya si watoto, haziwezi kuteleza.

Nimemtumia Ogeto salamu aje tena Krismasi. Alete kikapu kikubwa.