Kinyozi na Taa Iliyokonyeza

Kwiii.

Ndivyo ilivyolia droo ya jikoni gizani, kabla mbingu haijaamua kama itapambazuka au la, na kwa kilio hicho chembamba vita vikatangazwa. Sogeeni basi, enyi mliolala na mlioamka, enyi wenye magari na enyi waendao kwa miguu. Yaacheni masufuria yachemke yenyewe, waacheni watoto wagombane kidogo, nami niwasimulie habari kubwa ya Kinyozi, mume wangu, mwenye mkono usiotetemeka, mtuliza-ndevu, msawazisha-visogo, mwana wa marehemu Dereva. Jinsi alivyoinuka kitandani akiwa na bukta na ndala moja, akaiendea taa iliyokuwa imelitesa taifa letu la watu watatu.

Kile kilio cha droo kilikuwa ni kisu changu cha siagi kikitekwa. Nilikisikia, nikanyamaza. Mke wa shujaa hujifanya amelala, si kwa woga, bali kwa sababu akiamka ataulizwa bisibisi iko wapi.

Adui mwenyewe alikuwa mdogo kuliko punje ya dengu. Alikuwa taa ya manjano, yenye mchoro wa waya uliojikunja kama utumbo wa kuku, na alikaa kwenye dashibodi ya Babu kama mfalme katika kiti chake. Babu ndilo jina tunaloliita gari letu, gari la dizeli, kongwe, zito la kuamka, mpiga-moshi, ambalo baba mkwe aliliendesha na kulisugua maisha yake yote, akaliacha kwa watoto wake wawili: mume wangu, na dada yake, ambaye ni wifi yangu. Na kila taa ile ilipoanza kukonyeza, konye, konye, konye, nguvu zilimwisha Babu miguuni. Kwenye kile kilima kilicho nyuma ya nyumba yetu tulipitwa na mtu anayesukuma mkokoteni wa matofali, na alipotufikia dirishani akatupa pole.

Msidhani Kinyozi alikaa tu. Alipigana vita vingi kabla ya hivi. Fundi wa kwanza aliitazama taa ile kwa muda mrefu, akatikisa kichwa kama daktari, kisha akabandika kipande cha tepu nyeusi juu yake na kutangaza kwamba amani imerejea. Fundi wa pili alikuja na mashine ya kusoma hitilafu, akaichomeka, ikamtajia tarakimu nyingi, naye akachagua zile alizozipenda. Akabadilisha plagi zote za kupashia injini moto. Taa ikalala. Tukashangilia, nikapika wali. Kesho yake ikaamka na nguvu mpya, na betri ikafa juu yake, tukailaumu betri kwamba imezeeka. Tena, kila Kinyozi alipokuwa barabarani, madereva wa nyuma walimpigia honi kwa fujo, naye alitoa mkono dirishani kuwapungia.

"Wanalipenda gari la baba," aliniambia, akitabasamu.

Sasa ikawa wiki iliyopita, saa za mchana, Babu akazimika yeye na betri yake katikati ya barabara kubwa, nasi tukawa tunamsukuma, mimi kulia, Kinyozi kushoto, mtoto ndani ameshika usukani kwa furaha isiyo na kifani. Mara akatokea wifi. Wifi yangu ni mshonaji wa sare za shule, mwanamke ambaye macho yake hupima kiuno cha mtu kutoka ng'ambo ya barabara na kukosea kidogo sana. Akasimama mbele yetu, mikono kiunoni, akanena:

"Gari la baba! Gari la baba mnalisukuma mbele za watu kama kabati linalohamishwa!"

"Wifi yangu, ni taa tu," nikasema, huku nahema.

"Taa tu? Hata mtu akifa mnasema ni pumzi tu! Sasa nisikilizeni wote wawili. Jumamosi saa sita mchana nakuja na mnunuzi wa chuma chakavu. Nikiikuta hiyo taa yenu inanikonyeza, anaondoka nalo. Nimechoka kumsikia baba yangu akitajwa na watu wanaocheka."

Kinyozi aliinua uso kutoka kwenye buti. Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni. "Sawa, dada. Na isipokonyeza?"

"Isipokonyeza, sitafungua tena mdomo wangu kuhusu gari hili."

"Huo ndio muujiza ninaoutaka," akasema, wakapeana mikono juu ya buti, mapatano ya wana wawili wa baba mmoja, huku magari yakitupigia honi pande zote.

Usiku ule hakula vizuri. Akaniambia polepole, bila mbwembwe yoyote, "Unajua, tulipokuwa wadogo tulikuwa tunaisikia injini ile kutoka kona ya mbali. Tulikuwa tunajua baba amefika hata kabla hajafika. Mimi bado nikiiwasha ninasikia anarudi nyumbani." Nikamshika mkono wake usiotetemeka.

Sasa mmeelewa kwa nini kisu cha siagi kilitekwa Jumamosi ile alfajiri.

Nilipotoka uani na kikombe cha chai, mtoto akinifuata huku amejitanda shuka, nilimkuta Kinyozi ameuzamisha mwili wake nusu nzima ndani ya boneti, ufunguo umewashwa, tochi iko mdomoni, akihutubia injini kwa sauti ya mtu aliyeuma kitu.

"Ewe chuma uliyenilea!" ndivyo nilivyomwelewa. "Uliyenipeleka shule, uliyemleta mke wangu siku ya arusi na milango ikagoma kufunguka! Ni nini nilichokunyima? Oili nimekupa. Chujio nimekubadilishia. Plagi umevaa mpya kuliko viatu vyangu. Sema basi, au nyamaza milele!"

Injini ikachagua kunyamaza. Dashibodi ikakonyeza.

"Kunywa chai," nikamwambia.

"Shujaa hanywi chai kabla ya ushindi."

"Itapoa."

Akainywa.

Wakati huo mtoto wetu, mwenye miaka mitano na mambo yake mwenyewe, alikuwa amezunguka nyuma ya gari, mahali ambapo pana ukuta wa ua. Nikamsikia akicheka peke yake.

"Mama, njoo uone sungura wangu."

Nikaenda. Alikuwa ameinua vidole viwili, na juu ya ukuta sungura wa kivuli alikuwa anatikisa masikio, mkubwa, mzuri, mweusi tii katikati ya wekundu. Nikamsifia sungura. Nikamsifia tena. Kisha nikatulia, nikautazama ukuta. Ukuta wetu una rangi ya chokaa. Tangu lini ukawa mwekundu?

"Baba yake," nikaita, "nani amekanyaga breki?"

"Nani atakanyaga? Mimi niko huku mbele."

"Ndiyo maana nauliza."

"Hakuna mtu ndani ya gari, mke wangu. Usinichanganye, niko vitani."

"Basi njoo uone vita viko wapi. Taa za breki zinawaka."

Akaja. Akasimama. Taa mbili nyekundu za nyuma zilikuwa zinawaka kwa utulivu, kama zilivyowaka pengine miezi yote ile kila ufunguo ulipowashwa, zikinyonya betri, zikiwatia wazimu madereva wa nyuma waliodhani kwamba mtu huyu anafunga breki kutoka nyumbani kwake mpaka kazini. Na Kinyozi, mtu ambaye kila siku ya Mungu humshikia mteja kioo kidogo nyuma ya kichwa na kumwambia "tazama kisogo chako, mzee, umeridhika?", mtu ambaye ameuonyesha mji mzima visogo vyake, hakuwahi kukitazama kisogo cha gari lake mwenyewe likiwa macho.

"Kumbe zile honi," akasema taratibu.

"Ndiyo."

"Na mimi nikawa nawapungia."

"Kwa mkono wote."

Akakaa chini kwenye saruji, akacheka mpaka mtoto akaogopa. Kisha akasimama akiwa mtu mwingine. Akaenda kuchukua silaha yake ya kweli, kile kioo cha saluni, akajilaza chali kwenye sakafu ya gari, miguu nje, kichwa chini ya usukani, na kwa kioo akachungulia kule juu ya pedali ya breki ambako jicho la binadamu halifiki. Na hapo, enyi wasikilizaji, katika pango lile la waya na vumbi na peremende ya mwaka juzi, akamwona adui uso kwa uso: swichi ndogo nyeusi, si kubwa kuliko kidole gumba, yenye chuchu inayotoka na kuingia kila pedali inapokanyagwa na kuachiwa. Chuchu ilikuwa imekwama. Pedali ilipanda na kushuka, yenyewe haikujali.

"Maskini Babu!" ilitoka sauti chini ya usukani. "Hakuwa mvivu hata kidogo! Mimi nakanyaga mafuta namwambia nenda, na hiki kidude kinamwambia nimekanyaga breki, simama. Amri mbili kwa wakati mmoja! Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Ningekonyeza," nikasema.

Akaichomoa kwa kisu cha siagi. Taa za nyuma zikazimika, na sungura akafa, na mtoto akalia kilio ambacho majirani walikisikia.

Safari ya kwenda duka la vipuri aliifanya kwa miguu, swichi ameifumba kiganjani kama jino lililong'olewa, nami sikuwapo. Lakini alinieleza mara nyingi kiasi kwamba ninaiona. Muuza vipuri aliigeuzageuza, akapanda ngazi, akapuliza vumbi kwenye kijisanduku, akasema, "Bahati yako, kaka, imebaki hii tu. Sasa sikia. Hii unaipachika huku pedali imekanyagwa mpaka chini. Inajipima mara moja. Ukiipachika pedali ikiwa juu, umeiua, na mimi nyingine sina."

Ndiyo maana, jua likiwa limeshapanda na saa sita ikitukaribia kwa hatua ndefu, mlezi wa nyumba hii, yaani mimi, alijikuta ameketi kwenye kiti cha dereva, mguu kwenye pedali, na kichwa cha mume wake katikati ya viatu vyake.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Hujakanyaga, umegusa."

"Nikikanyaga zaidi nakuvunja pua, baba wee!"

"Pua ni yangu. Vunja!"

Nikakanyaga kwa mguu wote. Kwa sauti iliyopita puani akasema, "Hapohapo. Usipumue." Mkono ule uliozunguka masikio ya watoto wakorofi bila kuyakata hata mara moja ukapanda gizani ukiongozwa na kioo, ukaisukuma swichi kwenye tundu lake, ukaizungusha robo. Ikalia tik.

"Achia polepole," akasema.

Nilikuwa bado sijaachia vizuri nilipoona kivuli kimeziba dirisha.

"Hodi," akasema wifi. "Huyu ni mzima au tumzike pamoja na gari?"

Alikuwa amevaa gauni lake la kwenda kwenye mambo mazito. Nyuma yake, langoni, mnunuzi wa chuma chakavu alikuwa anashusha mnyororo kutoka kwenye lori, mtu mpole, mwenye glavu. Kinyozi akatoka chini kinyumenyume, vumbi kichwani, pua nyekundu, akasimama mbele ya dada yake.

"Dada, umekuja na mnyororo. Mimi sina mnyororo, nina ufunguo. Tazama mwenyewe."

Akaketi. Akazungusha ufunguo nusu. Taa ya manjano ikawaka.

"Hiyo hapo!" wifi akapiga kofi mlango. "Hiyo hapo! Bwana mnunuzi, leta mnyororo!"

"Hiyo ni salamu, dada! Inawaka kwanza, ndiyo iseme ni nzima. Subiri."

Tukasubiri. Mnunuzi naye akasubiri, mnyororo mkononi. Sijawahi kuona taa ikitazamwa na watu wengi namna ile. Ikazimika. Kinyozi akamalizia ufunguo, na Babu akakohoa, akakohoa tena, akanguruma, moshi mweusi ukatoka na kuyapaka masizi mashati yote yaliyokuwa kwenye kamba yangu ya nguo. Taa haikurudi. Wifi akaingiza mkono dirishani, akaikwaruza dashibodi kwa ukucha, huku na huku.

"Natafuta tepu," akasema. "Nawajua nyinyi."

Hakuna tepu.

"Kilimani," akasema.

Na Kinyozi akaenda kilimani, peke yake, ndala moja mguuni, nasi tukasimama langoni. Babu akapanda. Hakuulizwa na mtu, hakupewa pole na mtu, akampita mwenye mkokoteni wa matofali, yuleyule, naye akasimama akashangilia kwa mikono miwili. Kule juu kabisa taa za nyuma zikawaka nyekundu, kwa sababu safari hii kweli alikuwa amekanyaga breki, kisha zikazimika, gari likageuka, likaanza kushuka. Tuliusikia mngurumo wake kutoka kona ya mbali. Wifi alikuwa amegeuza shingo kuusikiliza.

Na iandikwe basi, kama kweli kuna mahali mambo kama haya huandikwa, kwamba siku ile, katika ua wetu, Kinyozi mwana wa Dereva aliishinda taa ndogo kuliko punje ya dengu kwa kisu, kioo na pua. Kwamba majeshi ya chuma chakavu yalirudi na mnyororo wao. Kwamba mnunuzi mwenyewe alimpa mkono na kusema, "Mimi huchukua waliokufa, bosi, huyu anapumua". Na kwamba vizazi vijavyo vitaupita ukuta ule wa chokaa na kuuliza ni nini kilichotukia hapa.

Lori lilipoondoka wifi alibaki amesimama karibu na Babu, ambaye alikuwa bado ananguruma. Hakusema ameshindwa. Alifungua mlango wa nyuma, upande ulio nyuma ya dereva, akakusanya gauni lake, akaingia, akafunga mlango kwa nguvu ile inayohitajika, bila kuelekezwa na mtu, akakaa ameegemeza kichwa kwenye kioo cha dirisha.

Mtoto wetu akaja, akasimama nje ya mlango ule, akamtazama kwa muda.

"Shangazi," akasema, "hapo ninakaa mimi."