Salamu Zinazojituma Zenyewe

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeingia katika historia ya magodoro! Duka la Shangazi, tangu lifunguliwe, linauza kwa mdomo. Mdomo wenyewe ni wa binamu yangu, mwanawe wa kumzaa, ambaye hushinda mitaani akibisha hodi na kuuliza watu wamelalaje. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Binamu anatembea sana.

Shangazi anafungua duka la pili. Jumamosi atamtaja mkuu wake: mimi au Binamu. Nautaka ukuu huo kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka. Mama nimeshamwambia nimeupata, asije akahangaika kusubiri.

Kwa hiyo nimeweka kwenye kompyuta programu ya kutunza wateja. Majina yote yamo, namba zote zimo. Unaipa kanuni mara moja tu. Inatuma meseji yenyewe, inangoja jibu, inajibu, inamsogeza mteja hatua kwa hatua mpaka anunue. Wewe umekaa! Binamu ameuliza kama inajua kubeba godoro. Wivu hauna dawa.

Jumanne, 4 Machi

Nimeandika kanuni. Maelekezo ya programu yanasema meseji ya kwanza imtajie mteja bidhaa. Kukosa adabu gani huku? Mtu hujamjulia hali, unamwuliza habari ya godoro! Waliotunga maelekezo hayo hawakulelewa.

Mimi nimetanguliza salamu. Kwanza habari za asubuhi. Mteja akijibu, programu inaandika kwamba tumefurahi sana kusikia hayo, kisha inauliza za nyumbani. Akijibu, inafurahi tena, inauliza za watoto. Halafu za kazi, za afya, za majirani, za siku nyingi. Zikiisha zote, ndipo godoro linatajwa. Asiyejibu anakumbushwa kila baada ya saa tatu, maana kunyamazia salamu si uungwana.

Shangazi ameuliza programu itajuaje mtu amejibu nini. Nimemweleza kwa upole kwamba salamu jibu lake ni moja, nzuri. Tangu lini mtu aliyeulizwa habari akajibu mbaya? Akarudi kwenye hesabu zake. Nilivimba kichwa, sifichi.

Jumatano, 5 Machi

Ushindi! Karibu kila mtu amejibu. Simu ya duka haipoi. Fundi bomba amefika kwenye za majirani na ameandika meseji ndefu kuhusu mmoja wao. Mshona nguo yuko kwenye za watoto. Ana wengi, anawataja mmoja mmoja, na programu inamfurahia kila mmoja.

Shangazi ameuliza magodoro mangapi yametoka. Nimemwambia kwa sasa tunajenga uhusiano. Amesema yeye anajenga duka.

Binamu ameuza matatu. Kwa miguu, maskini.

Ijumaa, 7 Machi

Siku ya mitihani midogo.

Asubuhi kaja fundi bomba, anamtafuta huyo ndugu anayemjulia hali kila siku. Nikajitambulisha. Akakaa mpaka mchana. Hakununua kitu, ila alisema kwake nyumbani hakuna anayemwuliza maswali kama yale. Nimemwandika kama mteja anayeelekea pazuri.

Kisha kaingia mwalimu mstaafu, simu mkononi. Jana alikuwa amejibu kwamba ni nzuri, ila mkewe ameanguka bafuni, ameumia mgongo, hawezi hata kugeuka. Programu ikaandika kwamba tumefurahi sana kusikia hayo. Akaandika tena kwamba hali ni mbaya, pengine hatukusoma vizuri. Ikafurahi zaidi, ikamwuliza za watoto. Alipoacha kujibu, ikaanza kumkumbusha. Amesema amefundisha watoto watukutu maisha yake yote, na hajawahi kutukanwa kwa adabu namna hii.

Nilikosa pa kuuweka uso. Kweli kabisa, niliumia. Ili kumtuliza nikamweleza kwamba kitaalamu yuko hatua ya tatu, hayuko mbali na kununua. Shangazi akaniambia nifunge mdomo.

Binamu hakunisema. Aliuliza nyumba iko wapi, akaenda kumpa mgonjwa pole. Akarudi, akajitwika godoro gumu, lile la wenye maumivu ya mgongo, akalipeleka na kumsaidia mzee kumlaza mkewe. Baadaye mzee akapiga simu kwamba mkewe amepata usingizi, na anataka jingine kwa ajili yake mwenyewe.

Naomba izingatiwe kwamba mteja huyo ametoka kwenye programu yangu!

Jumamosi, 8 Machi

Binamu amepewa duka la pili.

Nilipiga makofi mimi wa kwanza, asije mtu akasema nina kijicho. Kisha nikaenda stoo, nikakaa juu ya magodoro. Shangazi akanifuata. Hakugomba, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alisema watu wamenifungulia mioyo yao na hakuna aliyewasoma. Kuanzia sasa kazi yangu ni moja: kumsoma kila mteja aliyeandika na kumjibu mwenyewe, kwa mkono wangu.

Nimeliwaza jambo hili mchana kutwa, nimeliona vizuri. Binamu amepewa duka. Mimi nimepewa wateja wote! Aliye mkuu hapo ni nani? Nimempigia mama, nimemwambia nimepanda juu kuliko tulivyotazamia. Amepiga vigelegele.

Jumatatu, 10 Machi

Nimejibu wateja wanne kwa mkono. Kidole gumba kimekufa ganzi. Lakini kichwa hakilali! Nimegundua kwamba wote wanne nimewaandikia kitu kilekile: samahani. Na jambo linalojirudia si la binadamu, ni la programu.

Nimeweka kanuni mpya. Kila Jumatatu kila mteja ataombwa radhi, kwa jina lake, kutoka moyoni. Wateja wapya pia, wakiingia tu, kabla hatujawakosea. Ni duka gani jingine lina unyenyekevu huu? Shangazi nimemweka awe wa kwanza kupokea, kwa heshima yake.

Amepiga simu sasa hivi. Anauliza, sauti imepanda, nimefanya nini tena.

Nimemwambia bado.