Gari la Daktari wa Meno

Tuelewane mapema: Marashi hakuwa mwizi. Wezi huvunja milango. Marashi alifunguliwa mlango, akavutiwa kiti, akaongezewa chai, na wenye nyumba wakamsindikiza hadi barabarani wakimsihi arudi tena. Jina lenyewe alipewa kwa kunukia kwake. Ukipeana naye mkono asubuhi, kiganja kinanukia mpaka jioni, ila saa yako ndiyo huioni.

Siku hiyo alikuwa kwenye harusi ambayo hakualikwa, anakula kwa heshima zote, ndipo maharusi walipoingia na gari la ajabu. Halikuwa na paa wala kioo cha mbele. Magurudumu yalikuwa na njiti za mbao, taa zilikuwa za shaba inayong'aa, honi ilikuwa mpira wa kubinya, na mbele palitokeza mkono wa chuma wa kuzungusha ili injini iwake. Lilinguruma kama mashine ya kusaga. Wageni wote wakamkodolea macho bibi harusi, isipokuwa Mzee Saruji, tajiri wa vifaa vya ujenzi, ambaye alikuwa akilizunguka gari mdomo wazi, mate karibu yamdondoke.

Marashi hakuliangalia gari. Alimwangalia Saruji akiliangalia gari. "Kumekucha," akajisemea, akanawa mikono.

"Mzee, punguza macho," alimnong'oneza. "Mwenyewe hajui ana nini."

"Kwani ana nini?"

"Aa! Haya mambo si ya kuongelea hapa."

Mwambie tajiri kwamba jambo si la kuongelea hapa, atakufuata mpaka chooni. Saruji alimfuata hadi nyuma ya jiko.

"Hilo ndilo gari la kwanza kukanyaga mji huu," Marashi alisema. "Lililetwa kwa meli, vipande vipande, zawadi kwa mama wa mfalme. Bibi yule akagoma kupanda mpaka viti vioshwe kwa maji ya waridi. Nenda kanuse kiti cha nyuma kama nakudanganya."

Saruji akaenda, akainama, akanusa. Na kweli aliisikia harufu ya waridi, maana Marashi alishapita pale na kuegemeza mkono.

"Yamebaki mangapi duniani?"

"Hilo unalolinusa."

Ukweli wa gari lile ulikuwa mwingine, na mimi naupenda zaidi. Mwenye gari wa kwanza alikuwa daktari wa meno. Alizunguka nalo mitaani, mgonjwa anakalishwa kiti cha nyuma, injini inaachwa ingurume, jino linang'olewa, na wanaosubiri zamu hawasikii kilio. Matairi yalipokwisha akalitelekeza. Likawa banda la kuku kwa miaka mingi, mpaka fundi mmoja mkaidi alipolinunua pamoja na kuku wake. Njiti za magurudumu alizichonga mwenyewe. Taa alizikuta zimegeuzwa vyungu vya maua, akawabembeleza wenyewe hadi akapewa. Mkewe, ambaye mtaa mzima unamwita Shangazi, alilichukia lile gari kama mke mwenza.

"Chagua," alimwambia, "mimi au hilo bati lako."

Fundi alicheka tu, akampa tochi amshikie. Ikaanza tochi, ikafuata spana, mwishowe Shangazi akawa anabishana na mumewe kuhusu kabureta. Injini ilikubali kuwaka wakati fundi yuko kitandani, hawezi tena kuinuka. Aliisikia kupitia dirishani, akalia kwa furaha. Alikufa bila kuliendesha hata hatua moja. Ndiyo maana Shangazi angeuza kitanda, sahani na mapazia, lakini lile gari, thubutu! Alilikodisha kwa maharusi tu, na riziki yake ikatoka humo.

Sasa Marashi huyo, kabisha hodi uani kwa Shangazi, kamkuta anafua.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unanukia hivyo? Umemwagikiwa?"

"Ni furaha, Shangazi. Naoa."

"Hongera! Unamwoa nani?"

"Mtu mzuri sana," alisema Marashi, na hapo akavutiwa kiti, akaongezewa chai. Kabla kikombe hakijapoa alikuwa ameshakodi gari kwa malipo kidogo tu ya kishika uchumba, mengine baada ya harusi. "Na dereva?"

"Dereva huja na gari. Halitoki na mtu mwingine."

"Bora zaidi," alisema Marashi, na alimaanisha. Mpango wake ulikuwa mwepesi: ampandishe Saruji garini kama mnunuzi, apokee pesa zake njiani, ashuke mahali kama anafuata hati, kisha aingie mitini. Saruji abaki na gari, mjane abaki na kufua.

Siku ilipofika, gari lilikuja na dereva aliyevaa koti refu, kofia ya ngozi, miwani mikubwa ya vumbi, na skafu hadi puani. Wewe umeshajua ni nani. Marashi alikuwa amekunywa chai ya mtu yule, lakini kwake dereva ni kifaa cha gari, kama honi. Hata hakumtupia jicho.

Saruji akapanda na mfuko wake wa ngozi, wakaketi nyuma pamoja. Gari likaondoka, na Marashi akainama kunong'ona.

"Umekuja nazo?"

"Nini?"

"Nasema umekuja nazo?"

"SISIKII!"

"PESA!"

"ZIMO ZOTE! SHIKA MFUKO HUU!"

Muuza viatu wa upande wa pili wa barabara akageuka.

"NA HUYO MJANE AMEKUBALI?" Saruji aliuliza.

"ATAKUBALI NINI NA HAJUI KITU? ANADHANI NAOA!"

"AKIJA KULIDAI?"

"LIKISHAINGIA GETINI KWAKO, ATALITOA NANI?"

"HALITOKI! NINA UKUTA, NINA WALINZI, NINA WAKILI! ATAZUNGUKA MAHAKAMANI MPAKA MENO YAMTOKE!"

Fundi cherehani akasimamisha cherehani. Kinyozi akatoka nje na mteja aliyenyolewa nusu kichwa. Siri ikapita mtaa mzima kama tangazo la mnada, na mabwana wale wawili walitulia kabisa huko nyuma, wameridhika. Si kila mmoja alimsikia mwenzake kwa taabu? Basi nani mwingine angeweza kusikia?

Shangazi alisikia. Nisikudanganye, aliogopa. Ukuta wa Saruji aliujua, una vipande vya chupa juu, na mlango wake wa chuma ukifungwa umefungwa. Machozi yakajaa ndani ya miwani mpaka barabara ikawa ukungu. Akilini alimwona marehemu mumewe kitandani, sikio dirishani. Akataka kugeuza, lakini gari lile kuligeuza kunahitaji uwanja wa mpira, na wanaume wawili nyuma yake wangemshusha kwa mikono yao. Mbele kulikuwa na mlima mmoja tu, na juu ya mlima njia panda: kushoto kwa Saruji, kulia mjini.

Gari likaanza kupanda. Katikati ya mlima Shangazi akavuta kijiti kimoja kidogo chini ya usukani, injini ikakohoa, ikalegea.

"Zito!" alifoka kwa sauti nene kupitia skafu. "Shukeni msukume!"

Saruji aliruka chini kama kijana. Gari lilikuwa lake sasa, na mapenzi mapya hayajui maumivu ya kiuno. Marashi naye akashuka, amekumbatia mfuko.

"Weka huo mfuko!" Saruji akamkaripia. "Gari langu linarudi nyuma!"

"Mzee, mfuko huu hauwezi kukaa peke yake..."

"Dereva yupo! Mikono yote miwili iko kwenye usukani, ataubeba na nini? Au wewe una lako jambo?"

Hapo Marashi akabanwa. Akikataa, ameshajulikana. Akauweka mfuko kwenye kiti taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto, kisha akashika nyuma ya gari na kusukuma. Walisukuma hasa. Saruji alisukuma kwa bega, kwa tumbo, kwa sala.

Shangazi akakirudisha kijiti. Injini ikajikuta imewatua watu wawili, mmoja wao Saruji, ikashukuru kwa sauti kubwa, ikawapulizia moshi mweusi usoni, na gari likapanda.

"Simama! Wewe dereva! Simama!"

Halikusimama mpaka juu. Hapo dereva akavua miwani, akavua kofia, akashusha skafu.

"Bwana harusi!" aliita. "Ahsante kwa kusukuma!"

Marashi akaitambua sauti ile iliyomkaribisha chai.

"Wewe mama!" Saruji alipiga kelele. "Gari langu!"

"Gari lako mwulize huyo aliyekuuzia! Gari hili ni la mume wangu! Na mfuko huu naupeleka kituo cha polisi. Mwenyewe aje aufuate, awaeleze alikuwa ananunua mali ya nani!"

Akaubinya mpira wa honi kwa nguvu zake zote, akakata kulia, anacheka na kulia kwa pamoja.

Marashi akatazama chini ya mlima. Kinyozi alikuwa anapanda, fundi cherehani anapanda, muuza viatu anapanda, na yule wa nusu kichwa ametangulia mbele. Hakukuwa na pa kukimbilia. Lakini ulimi alikuwa nao bado, na ulimi ule haujawahi kumwangusha. Akamgeukia Saruji, akatabasamu, akaweka mkono kifuani, akaanza kueleza. Alieleza vizuri kuliko siku zote za maisha yake. Palikuwa na mama wa mfalme ndani yake, palikuwa na gari la pili, pacha wa hili, limefichwa mahali anapopajua yeye peke yake. Hata jiwe lingetoa pesa.

Saruji, masikio yote mawili bado yamejaa ngurumo, akaweka kiganja nyuma ya sikio.

"NINI?" akauliza, na kwa mkono wa pili akamkamata kola ya shati.