Siku ya Kufungua Tanki la Zahanati ya Fagalelei

(Hotuba ya Mheshimiwa Vaelupe Mikaele, Mratibu Msaidizi wa Muda wa Uratibu wa Maji Vijijini, aliyoitoa mbele ya zahanati ya Fagalelei, kisiwani Savai'i, Samoa, siku kijiji kilipowaaga Mzee Verlan Tolman na mkewe, Mama LaRue, wamisionari waliomaliza utumishi wao. Meli yao ilikuwa ya mchana.)

Mtukufu Mchungaji wetu, uliyetuombea sala fupi mpaka wengine tukabaki tumefumba macho, Waheshimiwa machifu wa Fagalelei, mliokalia nafasi zenu na mnaozinyemelea, wasemaji wa machifu, wenye migwisho na mlioisahau nyumbani, Mheshimiwa Mama Sieni, Mwenyekiti wa Kamati ya Wanawake, ambaye juzi alikagua vyoo vya kijiji kizima, akafika kwangu, akatikisa kichwa, akaondoka bila kusema neno, Mungu ambariki kwa ukimya ule, Nesi Malia, nguzo ya zahanati hii, mke wangu Fa'apaia, aliyepiga pasi shati hili mara mbili, wanakwaya, wageni waalikwa, wageni wasioalikwa mliofuata harufu ya nguruwe, na zaidi ya wote wageni wetu wa heshima, Mzee Tolman na Mama Tolman, wazazi wetu kutoka Idaho, watu waliokamua ng'ombe maisha yao yote na uzeeni, badala ya kupumzika, wakatumwa na kanisa lao kuja kutuhudumia bila mshahara wala kiyoyozi, itifaki imezingatiwa, na kama kuna niliyemsahau, ajue nimemsahau kwa heshima zote.

Talofa!

(Umati: "Talofa!")

Talofa tena, maana ile ya kwanza ilikuwa ya majaribio.

(Vicheko. Mama Sieni, kutoka mstari wa mbele: "Fungua bomba, Vaelupe!")

Nashukuru, Mama, hoja yako imepokelewa na itafanyiwa kazi katika aya zinazofuata. Ndugu zangu, leo tuna mambo mawili makubwa. La kwanza ni kuwaaga wazazi wetu hawa. La pili ni kulifungua rasmi tanki la maji la zahanati, ambalo liko hapa nyuma yangu, limezungushiwa mikeka minne ya heshima iliyosukwa na mama zetu, na hapa mbele, kama mnavyoona, bomba linang'aa, limefungwa utepe. Na nyote mnajua Mama Tolman ameomba nini. Tulimuuliza, mama, unataka kuondoka na zawadi gani, nguruwe, nguo, shanga? Akasema hataki kitu. Anataka, kabla ya kupanda meli, amwone Nesi Malia akinawa mikono kwa maji ya bomba. Basi! Jamani, nilipoambiwa nilikwenda nyuma ya jiko nikafuta machozi, na mke wangu akadhani ni moshi.

("Ni moshi!" anasema mke wake. Vicheko.)

Kwa nini ombi hilo? Kwa sababu hadi kufikia kipindi hiki cha taarifa, maji ya zahanati yamekuwa yakiletwa kwa ndoo kutoka chemchemi ya kule chini ufukweni, ambayo bahari ikijaa yanakuwa na chumvi, na mama mjamzito anapokuja kujifungua huja na mtoto tumboni na ndoo mkononi. Ofisi yangu haikulala. Ofisi yangu iliona kwamba hilo halikubaliki katika mtazamo jumuishi, shirikishi na endelevu, ikaunda kikosi kazi, kikosi kazi kikaunda kamati ndogo, na kamati ndogo, baada ya warsha elekezi na chakula cha mchana, ikapendekeza kwamba kiundwe kikosi kazi. Matokeo yake yanaonekana. Upatikanaji wa maji ya bomba hapa Fagalelei umetoka asilimia sifuri ukafikia asilimia sifuri iliyoboreshwa! Wadau walioridhika ni asilimia mia moja na nne, na hao wanne wa ziada walikuwa wapita njia!

(Makofi machache. Mama Sieni: "Meli haingoji asilimia, baba! Fungua bomba!")

Nafungua, Mama Sieni, nafungua, lakini bomba la serikali halifunguliwi kama chupa ya soda, lazima litanguliwe na maelezo. Ngoja niwanong'oneze jambo, ingawa najua kipaza sauti kiko wazi. Mimi sikusoma sana. Niliishia pale shule ilipoishia. Lakini Mungu alinipa mdomo, na kwa mdomo huu nimefika kuwa Mratibu Msaidizi wa Muda, cheo ambacho nimekishika kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote aliyewahi kushika kitu kwa muda. Na kila asubuhi naomba, Bwana, nifanye chombo chako. Sasa chombo kikijaa maneno, mnataka kifanye nini? Lazima kimwagike!

(Vicheko. Mchungaji anaangalia chini, mabega yanamtikisika.)

Wazazi wetu, mmekaa nasi. Mzee Tolman, ulipofika ulikuwa huwezi kukaa chini, ulikuwa unaegemea nguzo ya nyumba kama mtu aliyetoka vitani. Leo unakaa, magoti yanalia, lakini unakaa. Mama Tolman, ulikaa na kamati ya wanawake ukajifunza kusuka mkeka, na mkeka wako ule—

(Mama Sieni: "Umepinda kama mkia wa nguruwe!" Mama Tolman anacheka mpaka anashika mbavu: "Kweli, umepinda!")

—umepinda kwa upendo. Mmekula shelisheli, mmekula magimbi, mmekunywa kava, kinywaji chetu kichungu cha mizizi, bila kukunja uso, na Mzee aliwahi kuukunja lakini alisingizia jua. Sasa mnaondoka. Sisi ni watu gani, wageni kama hawa waondoke mikono mitupu? Leo asubuhi nimesikia machifu wa Saletavai, majirani zetu, wamewapa wageni mikeka miwili. Miwili! Wanajisifu mpaka barabarani! Hivi Fagalelei tumekufa? Hivi tutazidiwa na Saletavai, watu ambao mbwa wao tu wanaaibisha? Nasema hapana! Nasema, mbele ya Mungu na mbele yenu, mikeka hii minne mnayoiona hapa nyuma yangu, mikeka bora kuliko yote ya kisiwa hiki, ni ya Mzee na Mama Tolman! Yote minne! Sasa hivi! Wapeni!

(Shangwe kubwa. Wanawake wa kamati wanasimama wakiimba, maana zawadi ya mkeka ikishatangazwa lazima ikunjuliwe na kupitishwa mbele ya wageni wote waione. Wanaelekea nyuma ya Mheshimiwa.)

Na Saletavai watajua... Ngoja. Ngojeni, akina mama. Sikumaanisha sasa hivi kwa maana ya saa hii, nilimaanisha sasa hivi kiutaratibu. Mama Sieni! Mama Sieni, uachie huo mkeka, kuna hatua za—

(Mikeka inashuka. Nyuma yake kuna nguzo nne, kamba, na nguruwe jike amelala na watoto wake. Bomba lenye utepe limepigiliwa misumari kwenye nguzo. Nguruwe anaamka, anautazama umati, analala tena.)

Ndugu wananchi. Mnachokiona hapa kitaalamu kinaitwa eneo la mradi.

(Kelele. "Tanki liko wapi?" "Huyo nguruwe ndiye tanki?" "Anatoa maji akikamuliwa?")

Utulivu, tafadhali, utulivu! Mradi una awamu. Awamu ya kwanza ni eneo. Eneo mnaliona. Hakuna anayeweza kusema eneo halipo.

(Mzee Tolman anainuka polepole, anasema kwa Kisamoa chake cha kujifunza uzeeni: "Vaelupe, mwanangu. Tanki tulilileta. La kijani. Nililifunga kamba mwenyewe juu ya lori, ukaniambia nenda kapumzike.")

Nashukuru kwa swali zuri sana, Mzee wangu. Nalijibu kwa uwazi na uwajibikaji. Ni kweli tanki lilifika. Lilikuwa juu ya lori, zuri, la kijani, linanukia upya. Na lori likiwa njiani kuja hapa, tukapata habari ya msiba wa chifu mkubwa wa upande wa mama yangu. Mnaujua msiba ule. Ninyi nyote mlikuwepo! Kila kijiji kilikuja na kitu, hawa na mikeka, hawa na maboksi ya samaki wa kopo, Saletavai wakaja na ng'ombe mzima, wanatutazama, wanatabasamu. Na sisi tumekuja na nini? Tumekuja na kwaya! Jamani, mnataka ningefanya nini? Lori lilikuwa pale pale!

(Mama Sieni, kashika kiuno: "Ulilitoa msibani?")

Kwa heshima ya kijiji, Mama! Mtangazaji wa zawadi alisimama akapaza sauti, "Tanki la maji, kutoka Fagalelei!" Umati mzima ukasema aaah! Ninyi mlikuwepo, mlisema aaah pamoja nao! Wewe Mama Sieni ndiwe uliyepiga yowe la kwanza!

(Mama Sieni: "Nilidhani umenunua lingine!" Vicheko vinaanza nyuma, vinasambaa.)

Na zawadi ya msiba, mnajua, haikai. Wafiwa waliligawa kwa ukoo wa mjane, ukoo wa mjane ukalipeleka harusini, kutoka harusini likaenda kwenye uzinduzi wa kanisa, na habari za mwisho nilizo nazo ni kwamba lilionekana ndani ya meli kwenda kisiwa cha Upolu, kwenye sherehe ya mtu kupewa uchifu, na ndani yake walikuwemo nguruwe wawili. Tanki lile limehudhuria sherehe nyingi kuliko waziri yeyote! Kila linapofika linatangazwa, na kila linapotangazwa, jina la Fagalelei linatajwa! Hayo si matokeo?

(Nesi Malia, kutoka mlangoni mwa zahanati: "Mheshimiwa, Teuila anajifungua wiki hii. Nitanawa nini, matokeo?")

(Mheshimiwa anashusha kipaza sauti.)

Nesi... Umenipiga pabaya, Nesi. Teuila ni mtoto wa dada yangu. Nashukuru kwa... Hapana, hapo sina cha kushukuru. Lakini ofisi yangu inaahidi, na naahidi hapa mbele ya Mchungaji, kwamba katika awamu ijayo, kwa kushirikiana na wadau, tutafanya upembuzi yakinifu wa—jamani, muda! Muda umetutupa mkono! Meli ya wageni! Tusiwacheleweshe wazazi wetu. Tufunge kwa kauli mbiu yetu, wote kwa pamoja! Nikisema Maji, mnasema Uhai! Maji!

(Umati: "Wapi!")

Fagalelei!

(Umati: "Na kiu yake!")

Vaelupe!

(Umati: "Tanki!")

Hewaa. Kwa maneno hayo machache, naomba tuwasindikize wageni kwenye gari. Mama Tolman, tafadhali, huku. Mama, gari liko huku. Mama Tolman?

(Mama Tolman amesimama, lakini haendi kwenye gari. Anaurudia mkeka wa wageni, anaketi, anakunja miguu vizuri, anafunika magoti kwa nguo yake kama alivyofundishwa na akina mama. Mzee Tolman anamfuata. Magoti yake yanasikika mpaka kwenye kipaza sauti. Mama Tolman: "Vaelupe, mwanangu, sisi ni wageni wako. Tutakaa mpaka maji yatoke. Usijisumbue, tunakula chochote.")

Mama, lakini meli... Lakini utumishi wenu umekwisha, nyumbani wanawangoja, wajukuu—

(Mzee Tolman: "Wajukuu wanakunywa maji ya bomba. Wanaweza kungoja." Mke wa Mheshimiwa, kwa sauti kali: "Wewe mwanaume! Umemsikia? Mgeni akisema anakula chochote maana yake nguruwe asubuhi na jioni! Tuna nguruwe wangapi sisi?")

(Mama Sieni: "Na wageni hawaachwi wakae peke yao, ni aibu. Kamati, kaeni!" Kamati nzima ya wanawake inakaa nyuma ya wageni. Kisha wanakwaya wanakaa. Kisha machifu, mmoja mmoja, wanakaa na kuanza kuulizana chakula ni saa ngapi.)

Jamani. Jamani, huu sasa ni uonevu. Mchungaji, sema neno.

(Mchungaji anakaa.)

Basi. Nimeelewa. Ndugu zangu, kabla sijashuka hapa naomba nitoe shukrani. Namshukuru Mungu aliyenipa mdomo na leo akanipa dawa yake. Nawashukuru Mzee na Mama Tolman kwa tanki ambalo halipo, ambalo mimi nililipeleka lisikotakiwa. Nawashukuru mafundi, ambao sikuwaita. Naishukuru kamati ndogo, ambayo nilikuwa mimi na mke wangu tukila chakula cha mchana. Naushukuru mradi mzima, ambao haukuwahi kuwa mahali popote ila humu mdomoni mwangu, na ulikaa humo vizuri mpaka leo. Fa'apaia, mke wangu, washa moto wa mawe ya kuokea nguruwe, na usiniangalie hivyo. Mwenye lori, tia mafuta, twende ng'ambo, Upolu, tukawaombe tanki walio nalo, tukiwa tumeinamisha vichwa, na tuchukue huyu nguruwe hapa awe wa kubadilishana. Ninyi vijana wa kwaya, acheni kucheka, chimbeni msingi kati ya hizi nguzo, leo, sasa hivi, na safari hii namaanisha kwa maana ya saa hii. Nesi Malia, mwambie Teuila abane kidogo. Asanteni sana kwa kunisikiliza, Mungu awabariki, na yeyote mwenye koleo aniazime.