Kuhusu Springi Isiyo na Adabu kwenye Boila la Ufuaji

Ndugu Fundi Mkuu,

Pole na kazi za karakana. Mimi, msimamizi wa chumba cha kufulia mashuka ya hospitali, nakuandikia kwa uchungu kuhusu geji ya presha uliyoifunga kwenye boila letu baada ya kuing'oa ile ya zamani.

Ile ya zamani ilikuwa mtumishi wa kuigwa. Mshale wake ulikaa kwenye kijani asubuhi, na jioni uliukuta hapohapo, moto uwe umewaka au umezimwa. Wewe ulisema springi yake imelegea. Mimi nilisema huo ni utulivu. Malalamiko yangu dhidi ya hii mpya ni haya:

1. Haina siri. Ulinieleza mwenyewe kwamba mvuke ukisukuma, springi inabanwa, na kadiri inavyobanwa ndivyo mshale unavyopanda. Yaani ikibanwa kidogo tu, inatangaza. Wafuaji wangu wanabanwa mwaka mzima na sijaona mshale wa mtu ukitikisika.

2. Imenivunjia heshima. Juzi nilikuwa nikiwaeleza wageni wa bodi kwamba idara yangu haina tatizo lolote, mshale ukapanda hadi kwenye nyekundu nyuma ya mgongo wangu. Mmoja wao aliniuliza, kwa upole, mlango wa kutokea uko wapi. Nilikuwa bado sijafika kwenye sehemu ya mafanikio ya idara.

3. Inachochea wafanyakazi. Mama Pasi, mnyooshaji wetu, mtu ambaye hata salamu huitikia bila kuinua macho, jana aliutazama mshale, akachomoa pasi ukutani na kuwaambia wenzake, "Jamani tokeni. Mashuka yatasubiri." Wakatoka wote. Nikabaki peke yangu na boila linalonguruma, nikiliamuru litulie. Mama Pasi nimempa onyo la maandishi kwa kuiamini springi kuliko msimamizi wake.

4. Ina wenzake. Nilipobandika karatasi kwenye kioo ili mshale usionekane, valvu ya kupunguzia mvuke ikaanza kupiga filimbi.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, uirudishe ile ya zamani. Ikiwa umeitupa, basi itoe springi kwenye hii, au kaza kitu humo ndani ili mshale usivuke kijani. Kuhusu presha yenyewe sina neno. Haijawahi kunijibu vibaya.

Nisalimie wote hapo karakana, na shemeji na watoto nyumbani.

Mwenzako katika kujenga idara zenye utulivu,
Msimamizi wa Ufuaji

Nyongeza: Barua hii ilikuwa bado mfukoni leo asubuhi wakati Mama Pasi alipowatoa tena wenzake. Niliwafuata hadi uani kuwafokea, na nikiwa katikati ya sentensi, boila likapasuka. Hakuna aliyeumia. Ukuta uliokuwa nyuma ya meza yangu haupo, na meza nayo haipo. Tafadhali puuza maombi yote hapo juu. Boila jipya likija, lifungie geji kama hii hii, springi hii hii, ila kioo kiwe kikubwa, kisomeke kutoka mbali. Bodi nimekwisha kuiarifu kwamba amri ya kutoka niliitoa mimi. Onyo la Mama Pasi linabaki palepale, kwani alitoka kabla sijaitoa.