Sir Humphrey wa Ghorofa ya Kumi na Nane

Jumatatu, 12 Juni 1995

Nimeokota hazina! Chumba cha kufulia nguo, juu ya mashine: kitabu cha maisha ya Sir Humphrey Dalby, Mwingereza wa karne ya kumi na nane. Mashamba kama nchi, nywele za bandia, kiti bungeni. Miaka thelathini humo alisimama mara moja tu, kulalamikia ushuru wa mbwa wake. Mtu wangu huyu! Kiingereza nasoma vizuri sana, maneno marefu tu ndiyo nayaruka. Siri yake: kabla ya uchaguzi alichoma ng'ombe mzima na kumwaga pombe. Walioshiba wakampa kura. Basi!

Jumamosi chama chetu cha watu wa Kivu hapa ughaibuni, mtaa wa St. James Town, kinachagua mwenyekiti. Jumapili Mama anatua kutoka Bukavu. Na Mama nilishamwambia kwenye simu, tangu Krismasi, kwamba mwenyekiti ni mimi. Ametangazia parokia nzima. Nikishindwa, nitamtazama na uso gani?

Jumatano, 14 Juni

Ng'ombe hapandi lifti hadi kwangu ghorofa ya kumi na nane. Nimenunua mbuzi, tayari amekatwakatwa. Nicole, mke wangu, akauliza nani atapika. Nikamwambia Sir Humphrey hakuwahi kuulizwa swali hilo. Akanipa kisu na vitunguu. Nimelia kama mfiwa. Mpinzani wangu Gaspard, mzee wa kwaya, kapita mlangoni, kavuta harufu, kaniita "mheshimiwa", meno yote nje. Acha acheke!

Jumamosi, 17 Juni

Karamu kwanza, kura baadaye. Mbuzi, ugali, sombe yetu ya majani ya muhogo, bia. Kilichoniua ni adabu. Chakula huombewa na mkubwa kwa umri, huwezi kumruka, na mkubwa ni Gaspard. Akafumba macho. Akawaombea wagonjwa kwa majina, wasio na kazi, wanaosubiri karatasi za ukimbizi, wazazi wanaojibiwa na watoto kwa Kiingereza. Kina mama machozi! Mwisho akamshukuru Mungu kwa mbuzi. Mimi sikutajwa! Wakaitika amina, wakala mbuzi wangu, wakampa kura yeye. Mimi nilipata yangu na ya nani sijui. Si ya Nicole. Kaniambia wazi: Baba Amandine, ukichaguliwa wewe, vitunguu vitanirudia mimi.

Jumapili, 18 Juni

Nilikwenda uwanja wa ndege kama mtu anayepelekwa mahakamani. Nafika, wamejaa! Wale wale wa jana, vitenge, maua, kwaya nzima, Gaspard mbele. Nikajua nimekwisha. Mama akatokea, mdogo kuliko nilivyomwacha, akauliza kwa sauti mwenyekiti yuko wapi.

Gaspard akavua kofia, akanishika mkono. "Huyu hapa, Mama. Sisi wote ametulisha."

Mama alipiga vigelegele mpaka askari wakageuka. Nililia, na hapakuwa na kitunguu karibu. Asante, Gaspard. Asanteni nyote, walafi wangu wapenzi.

Jumatatu, 19 Juni

Nimempelekea Gaspard paja lililobaki. Kasema cheo niazime hadi Mama azoee hapa, ila kipaza sauti nisikiguse. Mtu mkubwa yule! Sijui nimefanya wema gani nikapewa watu kama hawa.

Jioni nimesoma sura inayofuata. Sir Humphrey alizungushia ua malisho ya kijiji kizima, yakawa yake! Nikachungulia dirishani. Pale chini kuna majani mengi, hayana mwenyewe. Mama naye alikuwa anauliza shamba langu liko wapi.

Nimemwonyesha kwa kidole. Kesho natafuta kamba.